Kapasita za Pangaboi

Mwaka niliomaliza chuo kikuu nilirudi mtaani kwetu Shika Adabu, ng'ambo ya kivuko, na shahada ya uhandisi wa umeme, nikakaa kwa shangazi yangu kungoja kazi. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini na kazi hazikuwa na haraka. Mtaa ulinipokea kwa heshima isiyo na faida yoyote. Waliniita injinia, kisha redio zao wakampelekea fundi wa kibandani, mtu ambaye sikuwahi kumwona akipima kitu. Alikuwa na bisibisi moja na dawa moja. Redio ikikwaruza, aliongeza sauti. Ikinyamaza, aliifungua, akapuliza vumbi, akaifunga, akaongeza sauti. Watu waliondoka wakimsifu.

Fundi huyu alikuwa mtoto wa wifi yake shangazi, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa nyumba ya jirani. Marehemu alikuwa baharia, na katika safari zake za zamani alileta spika mbili kubwa za mbao nyekundu. Nilipozikuta sebuleni zilikuwa zimevishwa vitambaa vya kufuma. Juu ya moja palikuwa na chetezo cha udi, juu ya nyingine maua ya plastiki. Waliozitengeneza walikuwa watu wenye masikio, na sisi tukazifanya meza. Ukiziwasha, mwimbaji alisikika kama mtu anayelalamika chini ya godoro.

Wiki mbili kabla ya harusi ya binti wa shangazi, wifi alikuja tukiwa twachambua mchele pamoja na wanawake wa jirani. Hakukaa vizuri kabla ya kuanza.

"Wifi, hizi zimekufa. Mwanangu amezitazama mara mbili. Si bora azichukue, naye akuletee muziki wa maana siku ya harusi?"

"Zimekufa, zimezikwa wapi?" shangazi akajibu bila kuinua macho. "Ndugu yako aliziacha hapa."

"Ee, ndugu yangu. Umesema mwenyewe."

Wanawake wakaacha mchele. Shangazi akaisukuma sinia yake kando.

"Basi usiku wa wanawake zitapigwa hizi hizi. Zikilia, zabaki kwangu mpaka nife. Zisipolia, mwanao na azibebe mbele ya wageni."

"Mmesikia?" wifi akawauliza wenzake, na wote wakaitika, maana hawakuwa na jambo jingine la kufurahia wiki ile.

Kisha wakanitazama mimi. Hakuna aliyeniuliza kama naweza. Ilidhaniwa kwamba miaka yote ile ya masomo ilikuwa ya kazi hii. Je, kama koili zimekatika? Kama sumaku zimelegea? Kama nitazifungua na kuziharibu zaidi ya fundi? Hilo la mwisho lilinituliza kidogo, kwa sababu halikuwezekana.

Nilizifungua kesho yake. Ndani ya spika ya namna hiyo kuna kibao kidogo cha kugawa sauti. Sauti nene hupelekwa kwenye spika kubwa ya chini, na nyembamba hupita kwenye kapasita, kikopo kidogo kinachoizuia ile nene, hadi spika ndogo ya juu, iitwayo twita. Kapasita huzeeka, hasa kwetu ambako chumvi hula hata misumari. Kuzibadilisha ni jambo la kawaida. Lakini fundi alikuwa ameshazibadilisha. Alichomeka zile za redio, zenye upande wa chanya na upande wa hasi, mahali ambapo umeme huenda na kurudi. Zilikuwa zimevimba na kuvuja maji ya kahawia juu ya kibao. Ukingo wa sponji wa spika kubwa ulikuwa umeoza, naye akauziba kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kana kwamba spika ni gurudumu. Nilikaa sakafuni nikijiuliza kama mtu huyu alitudanganya ili mama yake azipate. Mwishowe nilikataa. Uongo wahitaji akili ya kupanga.

Niligusisha nyaya za twita kwenye betri ya tochi. Ikalia tk. Ya pili nayo ikalia. Twita zilikuwa hai, ila tu sauti haikuzifikia.

Tyubu niliitupa, nikakata ukingo mpya wa kitambaa chepesi na kuupaka gundi ya mpira. Kapasita ndizo zilizonisumbua. Nilihitaji zisizo na chanya wala hasi, na hakuna duka ng'ambo yetu lililowahi kuzisikia kwa jina. Nikawaza siku mbili, nikilala chali chini ya pangaboi la shangazi, mpaka nikagundua nimekuwa nikilitazama jibu muda wote. Kila pangaboi lina kapasita ya namna hiyo hiyo, ndiyo inayolisukuma lianze kuzunguka.

"Pangaboi lako limekufa?" muuza vifaa vya umeme aliniuliza nilipoziomba.

"La. Ni za spika."

Alicheka sana, akamwita mwenzake aje acheke. "Dada, hii ni ya pangaboi. Spika haizunguki."

Nilikuwa na maelezo kamili ya kumpa. Niliyapanga kichwani tangu mwanzo hadi mwisho, nikaona uso wake, nikayahifadhi. Nilichagua za vipimo viwili, ambazo zikiunganishwa ubavu kwa ubavu vipimo vyake hujumlishwa, vikafika pale nilipotaka. Nikazilehemu. Nikazijaribu. Kisha nikazifungua tena mara tatu bila sababu, kwa wasiwasi tu, nikitafuta kosa ambalo halikuwapo.

Siku yenyewe wanaume walitolewa uani mapema, kama ilivyo desturi ya usiku wa wanawake. Fundi alikuja na mkokoteni akauegesha nje ya ua, akakaa juu yake. Alikuwa na yakini kiasi hicho.

Niliweka kaseti ya taarabu. Wimbo ukaanza, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile fidla ilikuwa fidla na mwimbaji alikuwa mtu mwenye meno na ulimi. Nilingoja. Nusura nilie, nakiri, kwa uzuri ule.

"Mbona haidundi?" akauliza mmoja.

"Bovu hilo," wifi akasema. "Muziki hausikiki kifuani. Mwiteni kijana abebe."

Niliwadharau wote kwa pamoja, wageni na wenyeji. Walizoea kupigwa na muziki, si kuusikiliza. Lakini wimbo ulikuwa wa jirani mwenye jicho la mali ya watu, na beti zake wamezicheza miaka mingi bila kuzisikia vizuri. Sasa kila neno lilikuwa peke yake. Niliona vichwa vinaanza kugeuka.

Kwetu mwanamke akipata ubeti unaomfaa, huinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, na njiani hupita mbele ya yule anayetaka ausikie. Mwimbaji akiwa kwenye kaseti, noti huwekwa juu ya spika. Shangazi aliinuka. Alikwenda polepole, akasimama mbele ya wifi yake, akazungusha kiuno ubeti mzima, kisha akaiweka noti juu ya sanduku. Vigelegele vikapaa.

Wifi alishikwa. Angenyamaza, ubeti ungekuwa wake. Kaseti ikaendelea hadi wimbo uliofuata, wa mwanamke anayejivunia asichokuwa nacho. Wifi akaruka. Alimchezea shangazi puani, akaipepea noti yake, akaibamiza juu ya spika ile ile.

"Mmeona?" shangazi akapiga kelele. "Yuwatunza maiti!"

Ua mzima ukaanguka kwa kicheko. Wifi akasimama na mkono bado juu ya sanduku, akielewa alichokifanya, na hakukuwa na mwanamke mmoja pale ambaye hakukiona. Nje, mkokoteni uliondoka na viti vya kukodi vilivyozidi, maana mtu alimwambia fundi kwamba hakuna kingine cha kubeba.

Spika zikabaki. Baada ya harusi shangazi aliniomba nizisogeze, nikafurahi kupita kiasi. Nikamweleza kwamba zapaswa kukaa mbali na ukuta, zikielekezwa kwa msikilizaji, umbali kati yazo ukilingana na umbali wake yeye. Nilimchorea sakafuni kwa kidole. Alinisikiliza kwa adabu hadi nikamaliza, kisha akanyoosha mkono dirishani, kuelekea nyumba ya wifi yake.

"Msikilizaji yuko kule," akasema.

Nikazigeuza.