Skuta ya Rangi ya Ufizi

Nilipomaliza chuo nilikuwa na vitu viwili vya kujivunia: shahada ya takwimu na pikipiki ya gia. Shahada haikunipatia kazi ya takwimu, lakini pikipiki ilinifikisha nyumba kwa nyumba kufundisha twisheni ya hesabu, kuanzia Gongo la Mboto tunakokaa mpaka Ukonga. Ilikuwa nyeusi, ndefu kwenda juu, kiasi kwamba nikisimama kwenye foleni vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa lami. Niliipenda kwa sababu hiyo. Mtu mwenye wasiwasi kama mie akikaa juu kidogo, watu humdhania anajua aendako.

Baba alikuwa abiria wangu wa Jumamosi. Kila Jumamosi alasiri nilimpeleka Vingunguti, kwenye kanisa tulilosali zamani tulipokuwa wapangaji kule. Tulishahama, tukajenga, tukapata kanisa jingine karibu na nyumbani, lakini kwaya yake ilibaki Vingunguti na yeye akabaki nayo. Anaimba besi. Sauti yake si nzuri sana, nasema hivyo kwa upendo, lakini ni nzito na haitikisiki, na waimbaji wenzake huiegemea kama watu wanavyoegemea ukuta wakiwa wanaongea.

Mwaka jana nyonga yake ya kulia ilianza kukaza. Kutembea anatembea, ila kuurusha mguu juu ya kiti cha pikipiki ikawa kazi. Nyumbani nilimwekea tofali, akawa anapandia hapo huku akisema tofali lenyewe ni la mafundi waliobakiza kazi, asije mtu akadhani ni lake. Halafu Jumamosi moja nilikuwa na wanafunzi wa mitihani, akaenda mwenyewe kijiweni kuchukua bodaboda. Aliporudi alivua viatu, akakaa, akasema haendi tena kwaya. Sauti imechoka.

Sauti imechoka. Nililala na hayo maneno wiki nzima. Nikahisi kagombana na mhazini wa kwaya. Nikahisi imani imempungua. Nikaandika kwenye simu “mzee kuacha kuimba ghafla” na simu ikanipa magonjwa ambayo mpaka leo siwezi kuyatamka. Nilikuwa naelekea kumwambia Mama tumpeleke akapigwe picha ya koo, nikamkuta uani anachambua mchele.

“Sauti imechoka wapi,” Mama akasema bila kuinua macho, “na asubuhi kanifokea kwa ajili ya chumvi mpaka jirani kaja kuuliza kama kuna msiba.”

Ndipo akanieleza. Pale kijiweni Baba alishindwa kuupitisha mguu. Vijana wa bodaboda, kwa nia njema kabisa, wakamsaidia: mmoja akamshika kwapani, mwingine akaushika mguu, wakahesabu moja mbili tatu, wakampakia kama mfuko wa saruji. Kina mama waliokuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga wakampa pole. Hiyo pole ndiyo iliyomuua. Kule kanisani akashushwa vivyo hivyo, mbele ya sauti ya kwanza na ya pili.

“Bajaji je?” nikauliza.

“Alishapanda. Anasema humo anakaa kama mgonjwa anayepelekwa kulazwa, hata abiria wa pembeni humwuliza anaumwa nini.”

Siku chache baadaye mwalimu wa kwaya alipiga simu. Nilikuwepo sebuleni. Alikuwa anauliza, kwa adabu ndefu, kama ile sehemu ya besi ya wimbo mpya ampe kijana mmoja aliyetoka kujiunga, maana muda unakwenda. Baba akasema mpe, mpe tu, vijana nao wajifunze. Akakata simu. Halafu akaenda kuosha kikombe chake cha chai, akakirudisha kabatini, akakitoa tena, akakiosha.

Nikachukua futi ya Mama ya kushonea, nikaenda kupima urefu wa kiti cha pikipiki yangu. Kisha nikaanza kupima viti vya pikipiki za watu. Nilipima ya mzazi wa mwanafunzi wangu akiwa ndani anakunywa chai, akatoka akanikuta nimeinama nyuma ya gurudumu na futi mkononi, nikamwambia tunajifunza vipimo. Hesabu zote zilinipeleka sehemu moja ambayo sikutaka kwenda. Iliyokuwa chini kuliko zote ni skuta.

Sina ubaya na skuta. Ila kwetu skuta ni ya sista anayekwenda benki, au ya mchungaji aliyestaafu. Mwalimu wa hesabu mwenye ndevu changa zinazohitaji msaada wowote zitakaoupata hapandi skuta. Nilijadiliana na nafsi yangu siku kadhaa, nafsi ikashinda, nikampigia muuguzi mmoja tuliyesoma naye sekondari. Alikuwa amepangiwa kituo mkoani, kwenye barabara za mawe, na skuta yake isingemfaa. Tukakubaliana kubadilishana.

Nilimfuata Mabibo alikokuwa anakaa. Skuta ilikuwa imesimama kwenye kivuli cha ukuta, pinki iliyopauka na jua mpaka ikawa rangi ya ufizi. Mbele ilikuwa na kikapu.

“Kikapu hakitoki,” akaniambia kabla sijauliza. “Nilishajaribu.”

Akanionyesha mambo mengine. Gia hakuna, unavuta mafuta tu inakwenda. Klachi hakuna. “Huo mkono wa kushoto ulikozoea klachi, hapa ni breki. Ukisahau, itakukumbusha yenyewe.” Akapanda pikipiki yangu nyeusi, akazunguka uwanja mara moja, akarudi akiwa mrefu na mwenye furaha. Iliniuma jinsi ilivyomkaa. Mie nikaondoka na ile ya ufizi, miguu imebanwa pamoja kwenye sakafu ya mbele kama mtoto aliyeambiwa akae vizuri kwa mgeni. Mguu wa kushoto ukawa unatafuta gia njia nzima, unakanyaga hewa.

Nilimwambia Baba nimebadilisha kwa sababu skuta inakula mafuta kidogo. Aliitazama kwa muda, akakigusa kikapu.

“Sawa,” akasema. “Utakuwa unanunulia Mama yako mchicha.”

Jumamosi iliyofuata nikamwambia, kama jambo lililonijia pale pale, kwamba nina safari ya Vingunguti, kama anataka kupunga upepo. Alijua. Baba alikuwa karani maisha yake yote, anamtambua mtu aliyekuja na maneno ya kupanga. Lakini alivaa shati lake la kwaya, akatoka.

Akasimama upande wa kushoto wa skuta, akashika kiti, akainua mguu. Mguu ukafika katikati ukagoma. Akajaribu tena. Ukagomea pale pale. Kiti kilikuwa chini kweli, vipimo vyangu havikukosea, ila mie nilipima kiti na sikupima kwamba hata cha chini bado lazima mguu ukipite kwa juu. Nikaanza kueleza. Nilisema mambo ya pembe na kimo, nikasema tungeweza kuilaza kidogo, nikasema tofali lipo. Baba alikuwa ameacha mkono juu ya kiti, anaangalia nyumba ya jirani kana kwamba ndiyo aliyokuja kuiona.

Mama alikuwa kibarazani na ndoo.

“Nyie,” akasema, “mlango uko mbele, mnahangaika kupita dirishani kwa nini?”

Tukamgeukia wote wawili. Akaonyesha kwa kidevu ile sakafu bapa iliyo kati ya kiti na usukani, pale ambapo dereva wa skuta huweka miguu. Hakuna tangi pale, hakuna cha kuruka. Ni uwazi tu.

 Baba akaingia kwa mbele, mguu mmoja, halafu wa pili akiuinua kidogo tu kama anayevuka kizingiti. Akakaa kwenye nafasi ya dereva. Kisha akajisogeza nyuma, taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi la kanisa, mpaka akafika mahali pa abiria. Nyayo zote mbili zikatulia chini. Nami nikapita mlango ule ule, nikakaa mbele yake.

“Mlikuwa mnataka ngazi,” Mama akasema, akaendelea na ndoo yake.

Nilikuwa nimeandaa njia ya kupita uchochoroni, tuzunguke nyuma ya nyumba tukatokee mbali na kijiwe. Nilikuwa nimeipita mara mbili kwa mguu kuangalia mashimo. Baba aliniachia kona ya kwanza tu.

“Barabara ipo,” akasema sikioni mwangu. “Tunajificha kwani tumeiba?”

Tukapita barabarani. Kijiwe kipo pale pale penye mashine ya kusaga, na kwa kuwa ni Jumamosi walikuwepo wote. Nikajiambia nisipunguze mwendo, nisiangalie pembeni, nipite kama mtu mwenye haraka. Lakini kuku akakatiza, nikapunguza, na mtu aliyepunguza mwendo kwa pikipiki ya gia miaka mitatu mkono wake hauulizi ruhusa. Nikakamata klachi kwa nguvu. Nikakamata, yaani, breki. Skuta ikasimama kama imeitwa. Kifua cha Baba kikanigonga mgongoni na helmeti yake ikagonga yangu. Kuku akaenda zake.



“Msomi,” mmoja akasema kutoka juu ya pikipiki yake, “gia imedondoka huko nyuma, tukuokotee?”

“Muache braza,” mwenzake akasema. “Hiyo ya sista. Inasimamaga kusalimia watu.”

“Na kikapu hicho msomi, unasambaza mayai au mitihani?”

 Nilikuwa nachagua jibu kati ya majibu kadhaa, na yote yalikuwa marefu mno. Wakati huo nao wakamwona vizuri aliyekaa nyuma. Wakajiweka sawa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba,” Baba akasema. “Nyie mnaicheka hii? Yenu inataka watu wawili kunipandisha.”

Walijicheka wao wenyewe kuliko walivyonicheka mie. Mmoja, bila shaka yule aliyemshika kwapani, akafunika uso kwa kofia. “Mzee katuweza,” akasema, “mzee nenda, nenda, barabara yako.” Nikavuta mafuta. Nilihisi mgongoni Baba anacheka bila sauti, maana skuta nzima ilikuwa inatikisika na njia pale ni ya lami.

Hata hivyo sikutulia. Njia nzima nilikuwa nafikiria kushuka. Kupanda tulikuwa tumepata mlango, lakini kushuka hatukukufanyia mazoezi, na pale kanisani kwaya hukaa getini mpaka mwalimu afike. Nikimshika mkono wataona. Nisipomshika akaanguka wataona zaidi. Tulipofika walikuwepo kweli, kina mama wa sauti ya kwanza kwenye mabenchi, na pembeni kijana mwembamba mwenye karatasi ya nota, ambaye niliona mara moja kwamba ndiye yule aliyepewa besi.

“Shuka wewe kwanza,” Baba akaniambia kwa sauti ya chini. “Kisha usimame mbali.”

Nikazima, nikachomoa ufunguo, nikashuka, nikasimama mbali lakini si mbali sana. Baba akajisogeza mbele kwenye kiti, kidogo kidogo, mpaka akafika nafasi ya dereva. Akashika usukani kwa mikono miwili ili apate nguvu ya kusimama. Akapumzika hapo. Alikuwa anapumzisha nyonga, mie nilijua, ila alivyokaa, mgongo umenyooka, shati la kwaya, helmeti kichwani, mikono kwenye usukani, alifanana na mtu aliyetoka Gongo la Mboto akiendesha mwenyewe.

“Ee, mzee,” mama mmoja akaita kutoka benchini, “ndo umetupotelea kote huko ulikuwa unajifunza skuta?”

Baba akageuza kichwa taratibu. Nikaona anaifikiria. Ilichukua muda mfupi sana kwa mtu aliyetufundisha sie wote kutosema uongo.

“Kwani ngumu?” akasema.

Si uongo, ukiitazama. Ni swali tu.

“Na huyo kijana?”

“Huyo bado anaogopa barabara. Namzoesha.”

Wakanitazama kwa huruma. Mama yule akanipa pole, akaniambia nisife moyo, hata mtoto wake alianza hivyo hivyo. Nikashukuru. Baba akatoka kwa mbele, mguu wa kwanza, wa pili, akasimama, akavua helmeti akanikabidhi mie kama bwana anayemkabidhi mtunza magari. Kijana wa besi akamfuata na ile karatasi, akampa shikamoo, akamwambia kuna mahali panamshinda, ile sehemu ya kushuka chini. “Twende unionyeshe,” Baba akasema, na wakaingia.

Nilikaa kwenye skuta nje ya dirisha. Mazoezi yakaanza, yakasimama, yakaanza. Kwa muda niliwasikia kina mama peke yao, na kijana anayetafuta sauti yake kama mie nilivyotafuta gia. Halafu chini ya wote ikaingia ile sauti isiyo nzuri sana, na wimbo ukakaa.

Tukirudi tulisimamishwa na taa za Ukonga. Baba akaniinamia.

“Jumamosi ijayo,” akasema, “ukishuka usichomoe ufunguo. Niachie mie.”

“Wa nini, Baba?”

“Dereva anaingiaje kanisani hana ufunguo?”

Nikamwambia sawa. Taa zikawaka kijani, nikavuta mafuta, na kabla hatujafika nyumbani nilikuwa nimeshaanza kufikiria: atauweka mfuko gani, kama mfuko una tundu, kama ataudondosha akisimama kuimba, kama nitabaki nje ya kanisa la Vingunguti na skuta ya ufizi isiyowaka. Jumatatu asubuhi, kabla ya mwanafunzi wa kwanza, nilikwenda kwa fundi nikachongesha ufunguo wa pili. Huo wa pili ndio wangu.