Duka Lisilosema Karibu Tena

Hadi leo nikinusa kafuri, meno hufa ganzi kwanza, ndipo nikumbuke. Harufu ile ya baridi ilijaa dukani kwetu Kariakoo mwaka mama alipobadilisha biashara, ikatufuata mpaka kwenye sahani ya pilau. Nje mtaa ulichemka kama kawaida: spika za wauza dawa ya mende, makuli wakidai njia, wamachinga na suruali begani. Ndani ya fremu yetu palikuwa kimya, mpaka kitambaa kilipochanwa. Baba alikata pembe kidogo kwa mkasi, kisha akavuta kwa mikono miwili, na bafta nyeupe ikapasuka kwa sauti moja ndefu. Ilipolia, wapita njia waliongeza mwendo.

Hatukuanza hivyo. Babu yangu, Mshihiri wa kutoka Yemen, alituachia duka la vitambaa: poplini, satini, lasi za harusi. Baba alizaliwa kuuza. Alimtupia mteja kitambaa begani, akamgeuza kwenye kioo kirefu, na mteja alipotoka akamsindikiza kwa "Karibu tena". Hata aliyekuja kuuliza bei tu aliipata. Kisha mitumba na nguo za tayari zikaufunika mtaa, mafundi cherehani wa barazani wakaondoka mmoja mmoja, na majora yetu yakabaki kuvuta vumbi. Mwenye nyumba akaanza kuja na kijana muuza makava ya simu, wakizipima kuta kwa macho na sisi tumo ndani. Mama ndiye aliyegundua kuwa kitambaa pekee kilichokuwa kinaisha ni bafta, na walioinunua walikuja na macho mekundu. "Baba Zuhura," alimwambia baba, "hakuna kontena litakaloleta sanda iliyoshonwa. Watavaa mitumba maisha yao yote, lakini siku ya mwisho watakuja kwetu." Akauza lasi kwa bei ya kutupa, akaleta kafuri, pamba na udi. Kioo alikigeuza uso ukutani. Alisema hakuna atakayetaka kujiona humo.

Duka la sanda lina adabu zake. Mteja habembelezwi, na akitoka haambiwi karibu tena. Unamwambia "Mungu awape subira", basi. Mama alitufundisha sote, baba akiwemo. Lakini mazoea yana taabu. Alasiri moja alikuja Mzee Sudi, fundi wa springi za magari kule mtaa wa Gerezani, aliyekuwa amefiwa na mama yake. Baba akachana, akakunja, akamkabidhi, na mzee alipofika mlangoni, ulimi wa baba ukatangulia: "Karibu tena." Mzee Sudi alisimama pale juani, mgongo kwetu. Hakugeuka. Kisha akaenda zake, na mama akabaki ameziba mdomo kwa mtandio.

Mwezi haukuisha, Mzee Sudi akaingia tena, mikono ina grisi. "Uliniambia nije tena," alisema taratibu, bila hasira. "Nimekuja. Safari hii ni mdogo wangu." Baba alichana, na kwa mara ya kwanza nikaona bafta imekwenda upande. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba maneno hayaui, lakini si umri wa kuliamini hilo.

Kariakoo habari haihitaji redio. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja: ikawa duka letu linaita watu. Wanawake walivuka barabara wasipite mbele yetu, wenye misiba wakaenda kwingine, na mwenye nyumba akarudi na kijana wa makava, sasa wana futi ya kupimia. Mama alifukiza ubani kila asubuhi kama mtu anayebishana na mtu. Baba akaacha kusema kabisa, hata nyumbani. Nikitoka madrasa nilimkuta ameketi mbele ya mgongo wa kioo, midomo inacheza bila sauti. Nilimwogopa baba yangu. Kila jioni nilitamani mlango ule ufungwe moja kwa moja, ingawa nilijua ndio uliotulisha.

Ndipo Mzee Sudi akaja mara ya tatu. Muuza dawa ya mende alizima spika. Mzee alikuwa amevaa kanzu safi.

"Shikamoo, mzee," mama akasema kwa shida.

"Marahaba." Akamtazama baba. "Safari hii ni mimi."

Mama akashika meza. Mzee akaendelea: "Nataka shuka mbili za ihramu. Nimejaliwa kwenda Hija."

Baba akachana. Ilikuwa bafta ileile, ya jora lilelile, na sauti ileile. Alipomkabidhi, alikaza midomo. Mzee Sudi hakuondoka.

"Leo huniambii kitu?"

Baba alimtazama mama, mama akatazama sakafu. "Karibu tena," baba akasema.

"Inshallah," akajibu mzee.

Alirudi kweli. Alituletea tende na maji ya Zamzam, akaketi kibarazani kwetu akanywa kahawa mpaka mtaa mzima ukamwona. Mahujaji wakaanza kuja, wenye misiba wakarejea, na kijana wa makava akapata fremu kwingine.

Siku hizi duka naliendesha mimi. Wenye misiba wanaagiza kwa simu kutoka Mbagala, bodaboda inafika kabla maiti hajaoshwa. Mama alikosea jambo moja: sanda za tayari zimekuja, zimefungwa kwenye plastiki, na mimi pia naziuza. Biashara haigombi. Kijana mmoja aliyeniwekea majibu yanayojituma yenyewe kwenye simu alimalizia kila oda kwa "Asante, karibu tena". Nilisisimka mwili, nikamwambia ayafute papo hapo.

Baba alipofariki, sikutaka ya plastiki. Nilishusha jora, nikakata pembe, nikavuta, nikaisikia ile sauti. Nilikunja, nikatoka, nikasimama pale pale aliposimama Mzee Sudi, mgongo kwa duka. Mtaa ulikuwa unapiga kelele zake. Nilisubiri kidogo. Maneno yale yaliyotutia hofu nyumba nzima, siku ile ningetoa chochote niyasikie kutoka ndani.