Vidonge Vilipokwisha

Daktari Mbelgiji wa hospitali ya Kasongo alipoacha kunipa vidonge, nilikuwa nimepungua mpaka pete inadondoka kidoleni. Zamani nilikuwa mnene kiasi kwamba nikisujudu, wifi yangu alinishika mkono ndipo ninyanyuke. Vile vidonge viliua njaa, lakini moyo ulinienda mbio na mikono ikatetemeka. Daktari akasema, mfasiri akanieleza: "Basi, mama. Ukiendelea, moyo utasimama."

Wiki ya pili njaa ilirudi kwa hasira. Nikiwa nafua, nilijikuta jikoni nimeinua kifuniko cha sufuria. Nilifunika, nikatoka, nikarudi, nikala wali baridi wima wima.

Siku ya soko nilipanda mizani ya mpunga dukani kwa mume wangu. Akasogeza jiwe, akalisogeza tena.

"Kilo ine zimerudi," akasema. "Si afadhali? Watu wanasema sikulishi."

Mama mkwe alikuwa miongoni mwa hao watu. Jioni ile alinijazia wali, na sombe, yale majani ya muhogo, linaogelea kwenye mawese. "Kula, mutoto yangu. Umekauka sawa kuni."

Nilikula robo. "Mama, nikimaliza hii, magoti yatanikatalia tena. Sitaweza kusali."

Akavuta sahani, na siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu alinipakulia yeye mwenyewe, kwenye kisahani cha chai. Nilitaka kulia, na wakati huohuo nilitaka kuongezewa.

Nikamwambia wifi yangu, "Nipe kazi ya miguu. Nikikaa nyumbani nitakula mpaka ukuta."

Shamba lake la mpunga lilikuwa mwendo wa saa moja, na mpunga ulikuwa unaanza kukomaa. Kazi ikawa kufukuza ndege. Nilikimbia huku nikipiga debe, wakahamia kule, nikawafuata kule. Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Mavuno yalipokwisha, niliendelea kwenda shambani kila asubuhi, hata pasipokuwa na kazi, kwa kuogopa kukaa.

Kilo mbili ziliondoka. Mbili zilibaki, nami sikuzifukuza tena.

Hata leo, kwenye karamu za harusi, naomba kugawa chakula badala ya kuketi na wageni. Upawa ukiwa mkononi, napumua. Wakinilazimisha nikae, najibu maamkizi yao, lakini macho yako kwenye sahani, sijui hata nimeulizwa nini.