Wosia Ambao Marehemu Hakuusema

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku tuliyomzika Bwana Sogea kule upande wa Magu, miaka ile watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua pamba. Jina hilo alilipata zamani, wakati wa kuhamishia watu vijijini. Yeye ndiye aliyesimamia kazi hiyo; alifika kwako na mgambo, akasema "Sogea!", na usiposogea nyumba inawaka. Lakini huyohuyo ndiye aliyekiletea kijiji shule, tena akagombana na wakubwa zake mpaka kikajengewa ghala la pamba. Wapo waliomlilia, wapo waliotema mate.

Mimi nilikuwa kijana, nimetoka Buhongwa kumtembelea mjomba wangu, mzee Maganga. Mjomba alichomewa nyumba na mtu huyo mchana kweupe, mahindi yakiwa darini. Alipovaa koti kwenda mazikoni nilidhani anakwenda kuhakikisha kwamba jamaa kafa kweli.

Tulipotoka kaburini, sifa zikaanza kumwagika. Nikaingiwa na shaka, maana waliomsifu zaidi walikuwa wageni waliofika kwa gari moja, na wote walisifu kwa maneno yaleyale. Kisha akasimama mtoto mkubwa wa marehemu, aliyekuwa akiishi mjini.

"Wazee wangu, shikamooni. Wosia wa mwisho wa baba ni kwamba ghala letu wapewe hawa wageni wetu, wafanyabiashara wa pamba. Tumheshimu marehemu. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono ikaanza kupanda. Nani abishane na mfu? Maiti haulizwi sanda, sembuse ghala.

Mjomba akainuka. Watu wakangoja matusi.

"Huyu tuliyemzika alinichomea nyumba," alisema. "Sijamsamehe, na sitajifanya nimemsamehe kwa kuwa amekufa. Lakini nilikuwepo alipowafokea wakubwa zake kwa ajili ya ghala hili. Sasa nauliza, wosia huo nani mwingine aliusikia?"

Akamgeukia mjane. "Shemeji, wewe ndiye uliyemuuguza. Aliyasema hayo?"

Yule mama alimtazama mwanawe, kisha akamgeukia mjomba.

"Hapana, shemeji. Tangu augue hakuweza kutamka neno."

Mikono ikashuka mmoja mmoja. Wageni waliondoka hata chakula hawakungoja. Ghala likabaki la kijiji, na mpaka leo wanahifadhia mpunga.

Tukirudi nyumbani nilimuuliza mjomba kwa nini amemtetea adui yake. Alinikata jicho.

"Nimemtetea wapi? Tukiwaacha wamtungie maneno leo, kesho watasema hata nyumba yangu haikuungua."

Mwanangu, akifa mkubwa aliyegawanya watu, mmoja atakuletea marehemu aliyeoshwa akatakata, mwingine atakuletea aliyepakwa masizi mwili mzima. Watilie shaka wote wawili. Kabla hujapima maneno yao, uliza wanataka nini. Mema ya mtu yaseme, na mabaya yake yaseme, wala usifute haya kwa yale, kwani aliyesoma katika ile shule na aliyelala nje bila paa wote ni mashahidi. Na ukisikia marehemu anatoa amri, mtafute aliye hai anayemsemea.

Mungu akujalie sikio lisilolewa sifa. Na siku yako ikifika, mbali huko, akuzike mtu asiye na sababu ya kukuongopea.