Mbuzi Hawakukanyaga Zege

Mnisamehe mwandiko na makosa ya herufi, niliishia darasa la saba na naandika polepole. Aibu yenyewe mmeshaisikia, kwa sababu video imefika mpaka Miembeni, lakini waliowasimulia wamenihurumia, ukweli ni mbaya zaidi.

Nilikuwa kibarua kwenye kalavati la Kishanda. Asubuhi ile tulimaliza kumwaga zege la juu, na Ta Projesti, msimamizi wetu, akaniacha nililinde lisikanyagwe na mbuzi wakati wenzangu wanakwenda kula. "Likikanyagwa, kesho usirudi," akasema, na yule mzee hatanii.

Sasa, kofia yangu ngumu ilikuwa imejaa senene, panzi wetu wa kuliwa, niliowaokota alfajiri (ndiyo, kofia ya kazi, ndizo akili zangu), na jua likawaka, nikachukua kofia nyeupe ya injinia aliyekuwa ameenda Bukoba, nikaivaa. Pale saiti nyeupe ni ya injinia, sisi vibarua tunavaa njano.

Ndipo likaja basi la chuo. Wakashuka wanafunzi wa uhandisi na raba nyeupe (raba nyeupe, saiti!), wakaanza kujipiga picha na rundo la kokoto kama hawajawahi kuona mawe. Mwalimu wao akanijia mkono mbele.

"Injinia, habari za kazi! Vijana wangu wana nusu saa tu, wanaweza kupanda juu waone?"

Nilipaswa kusema mimi si injinia, basi. Lakini mimi nikitazamwa na watu wengi, tena wasichana, ulimi unaganda. Nikainamisha kichwa kuitikia salamu, na mwalimu akaona nimeruhusu.

Wakapanda. Wanafunzi wa uhandisi, zege bichi lile pale mbele ya macho yao, wakazama ndani yake mpaka vifundoni! Nikakimbia kuwazuia, na mimi mwenye akili nikakimbilia juu ya zege hilo hilo, nikateleza, nikalala kifudifudi.

"Jamani, injinia anapima kwa tumbo!" akapiga kelele mmoja, simu zote zikanielekea.

Ta Projesti akaja mbio, ndizi bado mdomoni. "Nani kawaruhusu?"

Wote wakaninyooshea kidole. "Injinia."

"Injinia yupi? Huyu? Mawe, mama yangu! Nilikuweka uzuie mbuzi, wewe unaniletea wasomi!"

(Mbuzi walikuwa pembeni, wanatafuna majani ya migomba, wametulia kuliko sisi sote.)

Nikajua kazi imekwisha, nikaanza kuvua buti. Mwalimu ndiye aliyeniombea. "Usimfukuze, mzee. Darasani nimelisema hili la kuuliza kabla ya kukanyaga mpaka nimechoka, leo wamelielewa. Na wengine nitawaleta hapa hapa."

Kweli akawaleta. Kila basi likija naitwa, nasimama mbele ya vijana, mwalimu ananionyesha kwa kijiti: "Kabla ya kukanyaga, hakikisheni mnayemuuliza si mtu kama huyu." Wanacheka, wanaandika.

Kazi ninayo, lakini ndiyo hiyo. Nimeapa nikiulizwa kitu tena nitajibu kwa mdomo, hata kama sauti inatetemeka. Nanyi mnaosoma, waitu, ndugu zangu, niandikieni kama kuna kibarua huko Kagoma, mahali ambapo basi la chuo halifiki.