Shingo Isiyoguswa

Nilimvunja mwenzangu meno mawili kwa sababu alinishika shingo. Hakuwa na ubaya wowote. Tulikuwa tumemaliza kupakia lori la mahindi pale Mlowo, tumekaa kwenye kivuli cha ghala, akaniwekea kiganja ukosini na kusema, "Kaka, hapa umejenga tofali kabisa." Sikumjibu kwa mdomo. Alipoinuka alikuwa anatema damu, na wenzetu walikuwa wameniganda mikononi. Hakuna hata mmoja aliyenilaumu. Mkubwa wetu alimgeukia yule mwenye damu akamwambia, "Wewe mgeni hapa? Hujui shingo ya mpakiaji haishikwi?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yetu. Kwa asiyeijua kazi hii, lumbesa ni gunia lililojazwa hadi mdomo, kisha likashonewa kilemba juu ili limeze debe mbili tatu zaidi. Watu wanne wanakutwika, halafu unapanda ubao peke yako hadi juu ya lori. Mzigo unakaa ukosini, katikati ya mabega, kichwa kimesukumwa mbele na macho yako chini. Tuliamini kwamba shingo ikikandwa hulegea, na ikilegea gunia litaivunja.

Ushahidi tulikuwa nao. Mwenzetu mmoja alikandwa na mkewe kwa maji ya moto siku ya Jumapili, Jumatatu akaanguka na gunia, hakuamka tena. Mimi nilikuwa nyuma yake. Niliona kwa macho yangu kwamba ubao ulikuwa umelowa mvua na punje za mahindi zimemwagika juu yake. Lakini msibani watu waliposema ni mkewe, ni yale maji ya moto, nami nilitikisa kichwa kukubali. Mjane akarudi kwao Galula na maneno hayo juu yake.

Mwaka wangu wa sita katika kazi, kichwa kikaanza. Kilianzia chini ya kisogo, kikapanda pande zote mbili hadi nyuma ya macho, kikabana kana kwamba nimevishwa sufuria ndogo kwa nguvu. Nilipima malaria mara nne, sina. Nilimeza vidonge vya maumivu hadi tumbo likaanza kuniunguza. Wenzangu wakanifundisha dawa ya ghalani: kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, ufunge kichwani, kaza mpaka masikio yavume. Kisipotulia, unachanjwa chale za wembe kwenye mapanja. Ninazo saba, tatu kulia na nne kushoto, na hakuna hata moja iliyosaidia.

Nyumbani nilikuwa nasema, "Leo kichwa kimepanda," na kila mtu alielewa. Mke wangu alizima redio. Redio yenyewe niliipasua baadaye ukutani, ikiwa imezimwa. Nililipiga teke jiko likiwa na sufuria ya maharage, nikamfukuza fundi aliyekuja kupiga bati, nikamrushia jirani tofali kwa sababu jogoo wake aliwika. Nikishamaliza nilikuwa nasema, "Si mimi, ni kichwa." Niliamini hivyo, na ilinifaa sana kuamini hivyo.

Binti yangu alikuwa na miaka saba. Tangu utotoni alizoea kunirukia mgongoni nikitoka kazini, naye peke yake nilimruhusu, kwa kuwa alijua kung'ang'ania mabega na kuiacha shingo. Mchana mmoja nilikuwa nimekaa uani kwenye kigoda, mgongo umeelekea mlango wa uzio, tyubu imekaza kichwani. Akaingia mbio kutoka shule. Sijui alikuwa na furaha gani. Alinikumbatia kwa nyuma, mikono yote miwili shingoni.

Mkono wangu ulienda nyuma kabla sijajua ni nani. Ulimpata sikioni, akaenda chini. Nikageuka. Nikamwona ni yeye, amekaa vumbini, ameshika sikio, ananiangalia. Nikampiga tena.

Mke wangu alitoka jikoni na mwiko wa ugali akanitandika nao kichwani, juu ya ile tyubu. Nilimkamata kifundo cha mkono nikakisokota hadi kikalia. Majirani waliruka uzio, mmoja akanimwagia ndoo ya maji, mwingine akanikalia kifuani. Binti yangu hakulia. Hilo ndilo lililonitisha, lakini lilinitisha jioni, si wakati ule.

Siku ya tatu mama mkwe akashuka kutoka milima ya Ileje. Kule kwao yeye ndiye mkandaji: viungo vilivyoteguka, akina mama waliojifungua, vijana walioanguka na pikipiki, wote hupita mikononi mwake. Alikuja kuufunga mkono wa mwanawe na kuwachukua wote wawili, mama na mtoto. Hakuficha. Mabegi yalikuwa mlangoni tangu asubuhi.

Nami sikuweza hata kumwomba msamaha, kwa sababu kwetu mkwe haguswi wala haangaliwi usoni. Nikiwa uani, yeye anakaa ndani. Nikiingia ndani, anajitanda kanga na kugeukia ukuta. Maneno yetu hupitia kwa mke wangu, hata tukiwa tunasikiana vizuri. Basi nilikuwa nimekaa nje chini ya dirisha, nimeshika kichwa, naye ndani anaufunga ule mkono kwa vijiti. Nafikiri alinitazama kisogo kupitia dirishani. Kisogo cha mkwe hakuna aliyekikataza.

"Muulize mume wako," nikamsikia, "hicho kichwa kinaanzia wapi?"

"Mama anauliza kichwa kinaanzia wapi." Sauti ya mke wangu ilikuwa kavu.

"Mwambie kisogoni."

"Muulize akiitwa anageuza shingo, au anageuka mwili mzima?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilijaribu kumwangalia yule jogoo wa jirani aliyekuwa kushoto kwangu, nikajikuta nimezungusha kigoda.

"Mwambie kichwa chake hakina kitu," mama mkwe akasema. "Shingo na mabega ndiyo yaliyokaza, kichwa kinavutwa tu. Na mwambie sikuja kumtibu yeye. Lakini nikimwacha hivi ataua mtu, na huyo mtu atakuwa wa kwangu."

Mikono yake hairuhusiwi kunigusa. Mkono wa mke wangu ulikuwa kwenye vijiti, na mkono huo niliuvunja mimi. Kisha nikamsikia mama mkwe akimwita mjukuu wake.

Nilisimama. "Hapana," nikasema. "Shingo yangu haishikwi!" Nilikuwa nimekunja ngumi, sijui za kumpiga nani. Hapo mama mkwe akavunja mwiko wa kwao na wa kwetu. Alinisemesha mwenyewe, moja kwa moja, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake.

"Keti chini, wewe muuaji."

Nikakaa.

Mke wangu alikuja na kisu kuikata ile tyubu, maana fundo lilikuwa limekataa kufunguka. Ncha ilipita karibu na jicho langu, naye hakuwa na haraka. Akanitupia mabegani kitambaa kilichotoka kwenye maji ya moto, nikauma meno. Kilipopoa akaleta kingine. Kisha nikaamriwa kulala kifudifudi kwenye mkeka, paji la uso juu ya kanga iliyokunjwa, mikono ubavuni. Binti yangu akasimama juu yangu, ameshika ukingo wa dirisha ili asinilemee.

"Kanyaga kwa kisigino," bibi yake akamwelekeza kutoka ndani. "Pale penye nyama, kati ya shingo na bega. Mfupa usiukanyage kabisa. Usisugue. Tafuta fundo linalokwepa. Ukilipata simama papo hapo, hesabu pumzi zake kumi."

Alilipata. Maumivu yaliruka kutoka begani hadi nyuma ya jicho, yale yale, kwa njia ile ile niliyoijua, na nikanguruma. Mtoto aliruka chini akakimbilia kona ya uzio, akajikunyata huku amefunika kichwa kwa mikono.

Bibi yake hakumkemea. "Rudi, mama," akamwambia. "Hawezi kuinuka. Nimemwona." Nilikuwa ninaweza kuinuka, na sote tulijua hivyo. Mtoto alirudi. Sijui alitoa wapi moyo ule. Mimi mwenyewe nisingerudi.

"Mwambie ashushe mabega," ikaja amri. Nikadhani yameshuka. "Mwambie bado. Apumue nje mpaka mwisho, ayaache." Ndipo nilipogundua kwamba kwa miaka mingi mabega yangu yalikuwa karibu na masikio hata nikiwa usingizini. Nikayaacha. Fundo la kwanza likayeyuka chini ya kisigino, kisha la pili, la tatu likagoma na kuhesabiwa pumzi kumi mara mbili. Mwisho bibi akamwambia apige magoti na kuweka dole gumba moja kila upande, pale fuvu linapoanzia, abonyeze kuelekea juu na kutulia hivyo bila kutikisika.

Kitu kikaachia. Sina namna nyingine ya kusema. Ile sufuria ikavuliwa. Nikasikia kuku, nikasikia lori linabadilisha gia barabarani kuelekea Tunduma, na hakuna kilichoniumiza. Nililia kwenye ile kanga, mwanaume mzima, na kilio kilikuwa cha furaha kwanza.

"Baba, kimepoa?" Vidole gumba vyake vilikuwa bado pale pale.

"Kimepoa."

"Kwa hiyo hutanipiga tena?"

Nilitaka kujibu upesi. Lakini sasa kichwa kilikuwa chepesi na niliweza kufikiri, na nilichokifikiria ni lile pigo la pili. La kwanza nitaisingizia shingo mpaka nife. La pili nilikuwa nimeshageuka, nimeshamwona uso.

"Sitakupiga," nikasema.

Akageukia dirishani. "Bibi, anasema hatanipiga." Akawa sasa ananisemea na mimi, kama mkwe anavyosemewa.

Waliondoka kesho yake. Mke wangu na binti walirudi mahindi yalipokwisha kuvunwa, na hapo kati nilijifunza kujitibu: kitambaa cha moto asubuhi, mawe mawili laini ndani ya soksi, nayalalia chini ya kisogo mpaka paachie. Lumbesa niliacha. Sasa nashona magunia, na kila nikihisi mabega yanapanda nanyanyuka na kuyashusha. Wenzangu wanacheka kwamba nimelegea. Nilikwenda pia Galula kwa bodaboda kumweleza yule mjane habari ya ubao uliolowa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanimwagia beseni la maji ya vyombo. Nilirudi Mlowo nikinuka dagaa.

Binti yangu leo ana miaka kumi na minne. Jumapili tukitoka kanisani ananikanda mwenyewe, siku hizi bila kuombwa, huku akinitania kwamba shingo yangu imekuwa laini kama andazi. Kichwa hakijaniuma mwaka mzima. Sijawahi kumpiga tena.

Jumapili iliyopita tulikuwa mezani. Nilinyoosha mkono kuchukua chumvi kwenye rafu iliyo nyuma yake. Mkono wake ukapanda wenyewe, ukafunika lile sikio. Kisha akacheka, akageuka, akanishushia chumvi na kunisogezea. Nilimshukuru, nikala ugali wangu bila kuigusa.