Baba Alivyomtangazia Bibi Mbio

Deki yetu ilikuwa na mlio wake. Ukiingiza sidii ya filamu ilikwaruza kidogo, ikanyamaza kama mtu anayefikiri, kisha ikaanza kuvuma, na mvumo huo ulitosha kututoa popote tulipokuwa mimi na dada yangu Neema katika nyumba yetu ya Nyasura, pale Bunda. Jumapili baada ya ibada na chakula, Mama aliondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika runinga, akavuta mapazia kuzuia jua, na sebule ikabaki na harufu ya samaki wa kukaanga na vumbi la msimu wa pamba. Filamu alizikodi Baba mwenyewe. Hakutaka za bunduki. Alileta za michezo tu: timu za shule zisizo na viatu, waogeleaji, mabondia waliotoka kwenye umaskini. Hakutueleza kwa nini. Alikaa kwenye kochi lake karibu na mlango, akatazama hadi mwisho kimya, akainuka akaenda kulala.

Baba aliuza vipuri vya baiskeli sokoni, na tulidhani wateja ndio waliomaliza maneno yake yote. Mama ni Mjita wa Kibara, Baba Mzanaki wa Butiama, kwa hiyo lugha ya nyumbani ilikuwa Kiswahili, na Kiswahili cha Baba kwetu kilikuwa cha kuagiza: fungeni mlango, chukueni maji, mmesoma? Tuliamini ndivyo alivyoumbwa.

Msimu mmoja wa pamba Bibi, mama yake Baba, aliletwa kwetu kutoka Butiama. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akawa anaona mwanga wa dirisha na vivuli tu. Baba alitaka kumpeleka hospitali Musoma akafanyiwe upasuaji, Bibi akakataa. Hakukataa kwa ukali. Alisema tu kwamba ameshaona vya kutosha, na kisu karibu na jicho hakitaki. Baba alimbembeleza, akamwita na mchungaji, ikashindikana. Mwishowe Bibi akaomba arudishwe kwake, wakakubaliana aondoke Jumatatu.

Jumapili ya kuamkia safari hiyo, filamu ilikuwa ya mwanamke mkimbiaji wa nchi ya milima, mtu ambaye kila mtu alishamwambia aache. Iliongea Kiingereza. Bibi alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, akauliza hao wanaohema ni akina nani. Nilitegemea Baba amjibu kwa neno moja. Badala yake aliliacha kochi lake, akaketi chini kando ya mama yake, akaanza kumtangazia kwa Kizanaki.

Kizanaki chetu kilikuwa cha kuokoteza wakati wa likizo za Desemba, lakini siku ile kilitutosha. Sikuwahi kuisikia sauti ile. Ilipanda pamoja na mlima na kushuka nao. Alimwambia Bibi kwamba vumbi ni jekundu, kwamba miguu ya mwanamke ni myembamba kama ya korongo, kwamba anapita mawe makubwa yanayofanana na yale ya nyuma ya zizi lao. Mbio za mwisho zilipoanza, maneno yake yalikimbia kuliko wale wa kwenye runinga, na Bibi akamshika mkono akaung'ang'ania. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ina maji. Akatuinamia akasema taratibu, "Alikuwaga anaongea hivi wakati ananichumbia."

Kisha mkimbiaji akajikwaa akaanguka. Baba akamwambia Bibi kwamba ameanguka. Tulisikia vishindo vya wenzake wakimpita.

Bibi akauliza, "Mama yake yupo hapo?"

Baba alitazama uwanja ule uliojaa watu tusiowajua. "Yupo," alisema. "Amekaa mbele kabisa. Anamwita kwa jina."

"Basi atainuka," Bibi akasema.

Akainuka. Mimi sikumwona vizuri, kwa sababu nilikuwa namtazama Baba, shingo imemtoka mishipa, akimsukuma mwanamke yule kwa maneno hatua kwa hatua hadi kwenye mstari. Alipouvuka tulikuwa tumesimama wote, hata Bibi, ameegemea bega la mwanawe. Alipoketi tena, akasema, "Nipelekeni huko Musoma. Nataka kumwona huyu mtu."

Upasuaji ulikwenda salama. Siku aliporuhusiwa kutumia macho yake, Bibi alitutazama mmoja mmoja, akasema Neema ameiba pua yake, na Baba akaenda kuikodi filamu ile ile. Safari hii Bibi alikaa kwenye kochi, mkono shavuni, hapepesi. Mkimbiaji alipoanguka, Bibi aliinama mbele akawachunguza watu wa uwanjani.

"Mama yake yuko wapi?"

Baba alitazama chini. Akamwambia kwamba kwenye filamu hayupo, kwamba alimtunga yeye mwenyewe. Bibi akageuka kumtazama, akazitazama mvi ambazo zilikuwa zimeota yeye haoni.

"Basi mahali pake nilikuwa nimekaa mimi," alisema.

Baba akajifuta uso kwa kiganja. Namna mbio zilivyokwisha siku ile, hakuna aliyeona.

Siku hizi naishi Musoma na watoto wangu. Filamu hazikodiwi tena, zinakuja zenyewe kwenye simu, nzuri kuliko zetu na bila mikwaruzo, na nashukuru. Lakini kila mmoja anatazama yake na spika zake masikioni. Mmoja anashangilia wakati mwenzake hata hajaanza, na nyumba iko kimya. Jumapili iliyopita nilimkuta mwanangu wa pili jikoni peke yake, simu mkononi, machozi yanamtiririka. Nikashtuka, nikamuuliza nani amefariki.

"Hakuna, Mama," alisema. "Ameshinda tu."

Nikavuta kigoda, nikaketi karibu yake, nikamwambia anisimulie tangu mwanzo.